Faili huishia wapi? Historia ya alama ya mwisho katika kompyuta

Yeyote aliyewahi kufanya mtihani wa kitaifa wa Kiswahili humu nchini anaikumbuka karatasi yenyewe. Kwenye jalada, mtahiniwa huarifiwa kwamba karatasi ina kurasa kadhaa zilizopigwa chapa, naye hutakiwa ahakikishe kwamba zote zimo. Kisha chini kabisa, baada ya swali la mwisho, huambiwa kwamba huo ndio ukurasa wa mwisho uliopigwa chapa. Kwa miaka mingi nilidhani hayo ni maneno ya kujaza nafasi tu. Mbona mtu aambiwe jambo moja mara mbili?

Siku hizi sidhani hivyo. Yale ya jaladani ni hesabu, na yale ya mwishoni ni alama. Ukurasa wa katikati ukichomoka, alama ya mwisho haitakwambia lolote, maana yenyewe ipo pale pale ilipowekwa. Hesabu ndiyo itakayofichua kwamba kuna kilichopotea. Lakini hesabu nayo haikuonyeshi mahali pa kusimama. Hiyo ni kazi ya alama. Ukiwa na moja bila ya nyingine umekingwa nusu.

Aliyenifunza tofauti hiyo si mwanaisimu mwenzangu. Ni kompyuta, tena kwa kunitia hofu ambayo sijaisahau.

Mwaka 1989 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nimetoka Vanga na Wasini kukusanya msamiati wa Kivumba. Sehemu kubwa ya maneno ya bahari, yaani majina ya pepo, ya samaki na ya viungo vya chombo, nilipewa na nahodha mmoja mstaafu wa Vanga, mzee mwenye subira ya ajabu. Nilirudi na vikadi vilivyojaa sanduku zima la kiatu. Nikaviketisha mbele ya mpigaji chapa, naye akaviingiza katika kompyuta kwa programu ya WordStar, faili tatu: A hadi K, L hadi N, kisha O hadi Z. Diski zilikuwa ghali wakati huo. Kwa hivyo nikaziunganisha faili tatu kuwa moja kwa amri ya COPY. Mtu fulani wa koridoni alinishauri niongeze mkwaju na herufi B ili kompyuta inakili kila kitu bila kubagua, nami nikatii. Kisha, kwa ujuaji wangu, nikazifuta zile tatu za awali ili nipate nafasi.

Wiki chache baadaye niliandika programu fupi ya BASIC ya kuyahesabu maneno. Ikasoma hadi K, ikasimama. Nikaiamuru kompyuta inionyeshe faili yote kwenye skrini kwa amri ya TYPE. Maneno yakapita mbio, yakafika K, kimya. Hapo nilikuwa nimekwisha kupata habari kwamba yule nahodha amefariki. Na vikadi vyangu? Mchwa wa chumba nilichokodi walikuwa wamevimaliza pamoja na sanduku.

Jambo moja tu ndilo lililonizuia nisilie. Nilipoitazama orodha ya faili kwa amri ya DIR, kompyuta ilinionyesha kwamba faili yangu ina baiti 109,440. Maneno ya A hadi K hayangeweza kufika hata nusu ya hapo. Kompyuta ile ile, faili ile ile, majibu mawili: hapa imeniambia mwisho umefika, pale inaniambia bado mbali.

Ili kulielewa fumbo hilo inafaa turudi nyuma, hadi enzi za kadi zilizotobolewa. Herman Hollerith alizitumia katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na mwaka 1928 kampuni ya IBM ikaleta kadi yenye safu 80, ambayo ilitawala kwa karibu nusu karne. Kadi moja ilikuwa rekodi moja, sawa na mstari mmoja katika daftari la mwenye duka: jina la mteja, kiasi alichochukua, anachodaiwa. Faili ilikuwa bunda la kadi. Swali la mwisho wa faili liko wapi halikuwa na uzito. Mwisho uliuona kwa macho: kadi zimekwisha kwenye trei.

Ila mashine haina macho. Na mara nyingi bunda moja lilibeba vitu vingi kwa mpigo, programu, kisha data ya programu hiyo, kisha programu ya mtu mwingine kabisa. Usipoambia mashine data yako inaishia wapi, itameza kadi za jirani kana kwamba ni zako. Ndipo watayarishaji programu wakabuni ujanja wa kuweka rekodi bandia mwishoni, rekodi isiyoweza kuwa ya kweli. Kwa mfano, mahali pa nambari ya mfanyakazi wanaandika 9999. Mashine ikikutana na 9999, inajua huyo si mfanyakazi, huyo ni bawabu aliyesimama mlangoni kufunga.

Ujanja huo ulikuwa na kasoro ambayo msomaji huenda ameshaiona. Vipi siku mfanyakazi wa kweli akipewa nambari 9999? Watu wa rika langu watakumbuka kihoro cha kuelekea mwaka 2000. Wengi wamesahau kwamba kulikuwa na tarehe nyingine iliyoogopwa kabla ya hiyo, nayo ni 9 Septemba 1999. Ukiiandika kwa tarakimu bila sifuri unapata 9999, na wataalamu walihofia kwamba programu kongwe zingeidhani siku hiyo kuwa mwisho wa faili. Siku ikafika, ikapita, na mambo yakaenda bila msukosuko mkubwa. Hata hivyo, hofu yenyewe ilikuwa ya haki: alama iliyofinyangwa kwa udongo ule ule wa data ipo siku itachanganywa na data.

IBM ilipotangaza familia ya kompyuta za System/360 mwezi Aprili 1964, kazi ya bawabu ilikabidhiwa mfumo endeshi wenyewe. Data iliyokuja ndani ya bunda la kazi ilifungwa kwa kadi yenye mkwaju na kinyota katika safu mbili za kwanza. Mfumo ukiiona kadi hiyo, unaiambia programu: hakuna rekodi nyingine. Programu ya COBOL haikuhitaji hata kujua mwisho umewekwaje. Ilisema tu isomewe rekodi, na kama zimekwisha ifanye jambo fulani. Nafuu kubwa. Lakini kasoro ya bawabu haikutoweka, ilihama chumba tu. Katika lugha ya PL/I, ya IBM hiyo hiyo, mkwaju na kinyota ndio mwanzo wa maelezo ya mwandishi! Kwa hiyo ikawa desturi kwamba matini ya PL/I huanza safu ya pili, isije ikagusa safu ya kwanza na kufunga mlango kabla ya wakati. Na kwa wale ambao data yao ilibeba alama hizo kwa lazima, mfumo uliwaruhusu watangaze mapema alama nyingine watakayoitumia kufungia.

Kanda za sumaku zilikuwa na suluhisho nadhifu zaidi. Mwisho wa faili uliwekwa kwa mchoro wa pekee ambao mashine ya kanda yenyewe iliutambua, na ambao data ya kawaida haingeweza kuuiga. Michoro miwili ikifuatana, basi kilichorekodiwa kimekwisha. Hapo alama haikuwa sehemu ya maandishi, na ndiyo sababu haikuweza kuchanganywa nayo.

Tufike sasa kwenye kompyuta ndogo, maana ndiko ugonjwa wa faili yangu ulikotoka. Mwaka 1974 Gary Kildall, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha uzamili cha jeshi la wanamaji la Marekani huko Monterey, California, aliandika mfumo endeshi alioupa jina CP/M. Diski za inchi 8 za wakati huo zilifuata mpangilio wa IBM: mizingo 77, kila mmoja na vipande 26, kila kipande na baiti 128. Kildall akafanya baiti 128 kuwa rekodi yake. Na katika orodha ya faili, CP/M iliandika idadi ya rekodi peke yake. Haikuandika idadi ya baiti.

Hebu tuipime maana yake. Chukua barua yenye herufi 130. Rekodi moja haitoshi, kwa hivyo inachukua mbili, yaani baiti 256. Orodha inasema rekodi mbili, basi. Zile baiti 126 zilizosalia je? Ni takataka au ni barua? CP/M haijui. Ikabidi alama irudi ndani ya maandishi. Kildall alichagua herufi ya 26 katika jedwali la ASCII, ile inayopatikana ukibonyeza Control pamoja na Z, kama ilivyokuwa desturi kwenye kompyuta kubwa za kampuni ya DEC, ambazo CP/M iliziiga kwa mengi. Kinachochekesha ni kwamba jedwali la ASCII halikuipa herufi hiyo kazi ya kumaliza chochote. Kazi yake rasmi ilikuwa kushika nafasi ya herufi iliyoharibika njiani. Ilipewa cheo cha mwisho kwa mazoea, pengine kwa kuwa Z ni herufi ya mwisho ya alfabeti. Hilo la Z ni dhana yangu, msomaji usilinukuu.

Programu za maandishi zikazoea kuijaza sehemu iliyobaki ya rekodi ya mwisho kwa herufi hiyo ya 26. WordStar, iliyozaliwa mwaka 1978 katika ulimwengu wa CP/M, ilikuwa na mazoea hayo.

Kisha akaja Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products, ambaye mwaka 1980 aliandika mfumo wake akiufuata ule wa Kildall ili programu za CP/M zihamishwe kwa urahisi. Microsoft ikaununua mwaka 1981, ukawa DOS. Paterson alirekebisha jambo moja la msingi: orodha ya faili katika DOS iliandika ukubwa wa faili kwa baiti, kamili. Barua ya herufi 130 ikawa baiti 130. Tangu siku hiyo herufi ya 26 haikuwa na kazi tena. Bawabu alipaswa kustaafu.

Hakustaafu. Programu zilizohamishwa kutoka CP/M ziliendelea kumwandika na kumtii. Amri ya TYPE ilisimama ikimwona. BASIC ilisimama. COPY yenyewe, ilipounganisha faili, ilisimama kwa kila faili mahali bawabu alipo na kuyaacha yaliyo nyuma yake, isipokuwa ukiiambia isibague. Nami niliiambia isibague! Ndiyo kazi ya ule mkwaju na herufi B. COPY ilinakili faili zangu tatu kila kitu, pamoja na mabawabu wote, na sasa bawabu wa faili ya kwanza alikuwa amesimama katikati ya faili kubwa, baada ya K, akimfukuza kila anayepita.

Aliyenifumbulia ni kijana mmoja wa hisabati, mpole, aliyeniacha nieleze msiba wangu hadi mwisho. Aliitazama ile namba 109,440, akaigawanya kwa 128 juu ya kipande cha gazeti, akapata 855 bila baki. Akacheka. Akaifungua faili kwa programu iliyoonyesha kila baiti kama ilivyo. Maneno ya K yalipokwisha, tuliona safu ya vishale vidogo, vyote vimeelekea kulia. Ndivyo skrini za DOS zilivyoichora herufi ya 26. Baada ya vishale, herufi L.

"Mwalimu," akasema, "hakuna kilichopotea. Umeambiwa mwisho, nawe ukaamini."

Wakati sisi tukihangaika hivyo, kulikuwa na watu waliokwisha kulitatua jambo hili miaka 20 nyuma. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuujenga Unix katika maabara ya Bell mwaka 1969, waliamua kwamba kwa mfumo endeshi faili ni mfululizo wa baiti tu. Hakuna rekodi, hakuna kadi, hakuna 128. Mfumo unajua idadi ya baiti, umeiandika pembeni, nje ya faili. Programu inaomba kusoma, inapewa baiti kadhaa, inaomba tena, siku ya siku inapewa sifuri. Sifuri hiyo ndiyo mwisho. Haikuandikwa popote ndani ya faili, na hakuna herufi iliyopigwa marufuku kuonekana katikati.

Wengi hudhani Control-D ni kwa Unix kile ambacho Control-Z ni kwa DOS. La. Ukiibonyeza Control-D hakuna herufi inayoingia katika faili. Unauambia mfumo uipe programu ulichokwisha kuandika, hata kama ni sifuri. Katika lugha ya C, iliyozaliwa pamoja na Unix, kuufikia mwisho huwakilishwa kwa namba -1, na wanafunzi hufundishwa kwamba namba hiyo si herufi. Asiyesikia huihifadhi mahali pa herufi, na programu yake hukatika siku inapokutana na herufi ya 255, ambayo katika maandishi ya Ulaya Magharibi ni y yenye nukta mbili juu. Bawabu yule yule, kavaa kanzu nyingine.

Sasa nirudi kwenye uwanja wangu. Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri alinijia akitaka neno la Kiswahili la jambo hili, naye alikuwa ameandika "mwisho wa faili" kila mahali. Si kosa. Lakini nilimwambia Kiswahili kinampa zaidi ya hapo. Tuna kitenzi koma, na kikomo chake: mpaka uliowekwa, ambao kitu hakiuvuki. Hiyo ndiyo namba ya baiti katika orodha ya faili. Tuna kwisha: maji yamekwisha mtungini, hakuna aliyetangaza, umetia kata ikarudi tupu. Huo ni mwisho wa Unix. Na tuna tamati. Hili ni neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya kutimia, nalo liliwekwa na waandishi chini ya kazi zao kutangaza kwamba yamekamilika. Tamati ni alama. Imo ndani ya maandishi, imeandikwa kwa wino ule ule. Kadi ya mkwaju na kinyota ni tamati, na Control-Z ni tamati. Ukiyatumia maneno hayo matatu kwa uangalifu, historia yote niliyoisimulia hapa inaelezeka bila kupapasa. Ukitumia mwisho kwa yote matatu, itabidi uongeze sentensi nzima kila mara kueleza ni mwisho upi.

Waandishi wetu wa hati za kale za pwani waliijua tofauti hii kivitendo. Katika hati za Kiarabu, na za Kiswahili kilichoandikwa kwa Kiarabu, mara nyingi utaona chini ya ukurasa neno litakaloanza ukurasa unaofuata, ili karatasi isipotee bila kugunduliwa. Na katika tenzi nyingi, mtunzi akikaribia kumaliza hutaja jina lake, tarehe, na mara nyingine hutaja pia idadi ya beti. Wasomi wa leo huzisoma beti hizo za mwisho kama pambo au kama sahihi. Mimi naona kazi ya hesabu. Mtunzi alijua utenzi wake utanakiliwa na mikono ya watu asiowajua, na kwamba mnakili akiruka beti kumi katikati, tamati itakuwepo vile vile mwishoni, imetulia. Idadi peke yake ndiyo ingemsaliti mnakili. Tena ajabu, waliiandika ndani ya utenzi wenyewe, mahali ambapo Thompson na Ritchie wasingeiweka; lakini katika hati isiyo na orodha ya pembeni, wangeiweka wapi kwingine?

Bawabu wa DOS yu hai hadi leo. Fungua dirisha la amri katika kompyuta ya Windows, endesha Python, kisha bonyeza Control-Z na Enter: utatolewa nje. Diski ya inchi 8 imekufa, kadi zimeoza, baiti 128 hazina maana kwa yeyote, lakini herufi ya 26 bado inafunga milango.

Yule kijana alivifuta vishale vyote, faili ikapungua kidogo, programu yangu ikasoma kutoka A hadi Z bila kusita. Maneno ya nahodha yalikuwemo, pepo zake na samaki zake. Nikaiomba ihesabu. Nyuma ya daftari la safari, usiku wa mwisho pale Vanga, nilikuwa nimeandika kwa kalamu idadi ya vikadi nilivyokuwa navyo. Nililinganisha. Yalipungua maneno mawili, nami hadi leo sijui ni yapi.